Macho Hayana Pazia

Wahenga wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Kauli hiyo aghlabu husemwa na mtu aliyefumaniwa akitazama asichopasa kukitazama, naye akajitetea kwa kuyatupia macho yake lawama. Nimeitumia mara nyingi bila ya kuitafakari. Mwaka jana, huko Tunguu, nilikutana na kiumbe ambaye jicho lake lina pazia hasa, pazia la nyama na damu, na pazia hilo lilikuwa limeharibika. Tokea siku hiyo nimekuwa nikijiuliza suali ambalo leo nataka kulileta mbele ya msomaji: tunapomhurumia kiumbe, je, tunamhurumia yeye, au tunayahurumia macho yetu yasiudhike kwa kumtazama?

Kisa chenyewe ni kidogo na hakina ushujaa. Mtoto wa kaka yangu anasoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwenye kampasi ya Tunguu. Yeye na wenziwe wawili wamepanga nyumba ndogo upande wa ndani, mbali kidogo na barabara kuu. Nyuma ya nyumba hiyo, chini ya mwembe, mbwa koko mmoja alizaa. Watoto wake wengine walikufa au walichukuliwa. Akabaki mmoja tu, kilebu wa kike, kama wazee walivyomwita mtoto wa mbwa, rangi yake ya mchanga mkavu na masikio yake mazito, ishara kwamba baba yake hakuwa koko mtupu. Nilipofika Jumamosi moja kumpelekea kijana wetu mchele na fedha za matumizi, nilimkuta amechutama barazani, anampepea mnyama yule ili inzi wasimtue usoni.

Niliinama nitazame, kisha nikajuta. Katika pembe ya ndani ya jicho la kulia palichomoza kinyama chekundu, duara, chenye kung'ara kwa umajimaji, ukubwa wake kama buni mbivu. Kilikuwa kimelifunika karibu robo ya jicho. Niligeuza uso, na kwa kuwa mtu hapendi kukiri kwamba amegeuza uso kwa kinyaa tu, nilitafuta sababu yenye heshima zaidi.

"Mwanangu," nilimwambia, "mbwa ni najisi, na huyu tena ni mgonjwa. Mrudishe kwa mama yake."

"Ami," alinijibu, bila ya kuniinulia macho, "najisi inaoshwa. Hili jicho haliwezi kuoshwa likapona."

Hakuwa na nia ya kunivunjia heshima, nami sikuwa na jawabu. Nilikunywa chai yangu, nikapanda daladala, nikarudi Mjini.

Lazima niseme neno hapa juu ya sisi watu wa visiwa na mbwa, kwani wageni hutufahamu vibaya, na wakati mwingine tunajifahamu vibaya wenyewe. Wakulima wa mashamba ya Unguja wamekaa na mbwa vizazi na vizazi, kwa usasi na kwa kulinda mihogo isiliwe na nguruwe mwitu na kima. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito: anachokigusa kwa umaji huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Imamu Malik, kwa upande wake, alimwona mbwa aliye hai kuwa tohara. Na huko Baghdad, mwanachuoni Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima kueleza jinsi mbwa walivyo bora kuliko wengi miongoni mwa wavaao nguo. Kwa hiyo hukumu ya najisi ni hukumu ya maji na udongo. Inatufundisha namna ya kujisafisha baada ya kumgusa mnyama. Haikutufundisha kumwacha aumie. Mimi, siku ile, niliibeba hukumu ya usafi nikaifanya hukumu ya huruma, nami nilijua kwamba sivyo.

Baada ya siku tatu kijana alinipigia simu. Walikuwa wamempeleka kilebu kwa daktari wa mifugo, na walikuwa wakichangishana fedha za upasuaji. Nilitaka kujua ni ugonjwa gani, naye alinieleza kama alivyoelezwa. Mbwa, tofauti na sisi, ana kope ya tatu. Imejificha katika pembe ya ndani ya jicho, nyuma ya zile mbili zinazoonekana, na hupita juu ya mboni kama pazia la dirisha, ikifuta vumbi na kulikinga jicho. Chini ya kope hiyo pana tezi ya machozi. Tezi hiyo pekee hutoa kiasi cha thuluthi ya machozi yanayolilowesha jicho, na wataalamu wengine hukisia zaidi ya hapo. Kwa baadhi ya watoto wa mbwa, hasa wa nasaba zilizochaguliwa na binadamu kwa nyuso fupi na masikio mazito, mishipi inayoishikilia tezi hiyo huwa dhaifu. Tezi huchomoka, huvimba, huwa nyekundu. Waingereza wameupa ugonjwa huu jina la tunda lao la cheri. Mwanzoni maumivu yake si makubwa. Lakini tezi iliyo nje hukauka, hukwaruzwa, na jicho huanza kukosa maji.

"Basi si waikate tu?" nilimuuliza. Niliona kuwa ni jawabu la akili: kinyama kimezidi, kikatwe, uso urudi kuwa uso. Tena ni rahisi na gharama yake ni ndogo.

Nilikuja kufahamu kwamba madaktari wengi walifikiri kama mimi kwa muda mrefu. Tezi iliyochomoka ilikatwa, jicho likawa safi papo hapo, mwenye mbwa akaondoka ameridhika. Baada ya miaka, wengi kati ya mbwa hao walirudi na jicho kavu, lenye utando na usaha, na wengine walikuwa njiani kuelekea upofu. Kilichokatwa kwa sababu kinaudhi macho ya watu ndicho kilichokuwa kikilitunza jicho la mnyama. Katika miaka ya 1980 na 1990 ikaenea njia nyingine: daktari huchana mfuko mdogo katika utando wa kope, huirudisha tezi ndani, kisha huushona mfuko kwa uzi mwembamba unaoyeyuka wenyewe. Kazi hiyo ni ndefu zaidi na gharama yake ni kubwa zaidi. Wala haina dhamana, kwani mara nyingine tezi hutoka tena, na aghlabu jicho la pili hufuata baada ya miezi. Lakini machozi hubaki.

Nimeishi na neno hilo, machozi hubaki, kwa muda sasa. Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi hii pekee yangu, kwa kamusi zilizochakaa na kwa aibu za mara kwa mara, na najua raha ya kukata. Unakutana na neno linalochomoza katika ubeti, haliingii katika mizani, linaudhi sikio. Unalifyeka, na ubeti unateleza kama mafuta. Msomaji anakusifu. Miaka ikipita unausoma tena ubeti ule unauona umekauka, na hujui maji yake yamekwenda wapi, mpaka ukumbuke lile neno. Sikuhitaji daktari wa mifugo kunifundisha hilo. Ila nilihitaji kukumbushwa kwamba ushauri wangu wa kukata haukumlenga kilebu hata kidogo. Ulinilenga mimi. Nilitaka nikifika tena Tunguu nisione kitu chekundu.

Nilichangia fedha. Sikusafiri siku ya upasuaji, lakini siku ya pili yake nilikwenda, kwa sababu mtu aliyetoa fedha hutaka kuiona thawabu yake. Nilitegemea kumkuta amekuwa mzuri. Nilimkuta amekuwa mbaya kuliko kwanza. Nusukaputi ilikuwa haijamtoka sawasawa, akiyumba kama baharia aliyeshuka pwani. Jicho lilikuwa limefura, limefumba nusu, manyoya ya pembeni yamenyolewa, na maji yenye rangi ya damu yamekauka shavuni. Shingoni alivishwa kola pana ya plastiki ili asijikune, na kwa umbo lake hasa ilikuwa mfano wa kawa lililogeuzwa, utadhani kichwa chake ni chakula kilichoandaliwa kisha kikaachwa wazi. Aligonga mlango, akagonga mguu wa kiti, akajilaza.

Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuja kuteka maji, alimtazama akasema, "Masikini, wamemharibu." Na kwa mizani ya macho alisema kweli. Siku ile, kwa jicho la mpita njia, aliyetibiwa alionekana kama aliyeteswa. Kama huruma yetu ni kazi ya macho peke yake, basi siku ile ingemlaani daktari na kumsifu yule anayekata.

Hapa ndipo lugha yetu iliponifungua. Kiswahili hakisemi kwamba ninayo huruma juu ya mtu fulani. Kinasema ninamwonea huruma. Huruma yetu imejengwa juu ya kitenzi cha kuona. Vivyo hivyo tunamwonea mtu imani, tunamwonea fahari, tunamwonea haya, tunamwonea wivu na kijicho. Na neno hilohilo, likisimama peke yake bila ya kitu kinacholifuata, lina maana ya kudhulumu: amenionea. Sijui lugha nyingi za kutosha kudai kwamba jambo hili ni letu pekee, lakini naliona kuwa ni onyo lililowekwa ndani ya sarufi. Kuona kunaweza kwenda popote. Kinachofuata baada ya kuona ndicho kinachoamua kama nimekuhurumia au nimekuonea.

Wanafalsafa wa Ulaya wamelizungumza suali la wanyama kwa njia mbili ambazo zinafaa kutajwa. Immanuel Kant, katika mihadhara yake juu ya maadili, alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Mtu asimuue mbwa mzee aliyemtumikia, kwani anayezoea ukatili kwa mbwa ataupeleka kwa watu. Jeremy Bentham, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1789, alilipindua jambo hilo: la kuuliza si kama mnyama anaweza kufikiri au kusema, bali kama anaweza kuteseka. Kwa Kant, kilebu wa Tunguu ni kioo ambamo najitazama tabia yangu. Kwa Bentham, yeye ni mwenye haki yake, kwa kuwa anaumwa. Nakiri kwamba mwanzo wangu ulikuwa chini ya huo wa Kant. Yeye alimtumia mbwa kutunza tabia. Mimi nilimtumia kutunza mandhari.

Lakini hata kipimo cha Bentham hakikunitosha, kwa kuwa siku ile niliposhauri tezi ikatwe, mnyama hakuwa akiteseka sana. Mateso yake yalikuwa mbele, miaka kadhaa, katika jicho kavu ambalo huenda nisingekuwapo kuliona. Huruma inayongojea kuona maumivu nayo pia ni mateka wa macho. Kijana wetu na wenziwe walifanya kitu kigumu zaidi: waliyahurumia machozi ya miaka ambayo haijafika.

Kila Mwislamu anakijua kisa cha mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akaijaza khofu yake maji, akaiuma kwa meno apate kupanda, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Katika riwaya nyingine aliyefanya hivyo ni mwanamke mwenye dhambi. Nimekisikia kisa hicho tokea chuoni, juu ya mkeka, na kila mara nilikitazama kwa upande wa msamaha. Safari hii nilitazama kitu kingine: mbwa yule hasifiwi kwa lolote. Hatuambiwi kama alikuwa mzuri, mwaminifu au mwenye kuchekesha. Hatuambiwi hata kama alimshukuru yule mtu kwa kutikisa mkia. Tunaambiwa alikuwa na kiu. Na yule mtu alimfahamu kwa kuwa yeye mwenyewe alitoka katika kiu muda si mrefu. Macho yalimletea habari tu. Hukumu ilitolewa na kumbukumbu ya koo lake.

Hata hivyo nisije nikawa mkali kupita kiasi juu ya uzuri. Mshairi anayeutukana uzuri anatukana mkate wake. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, alieleza jinsi kichwa cha duara, paji pana na macho makubwa ya kiumbe mchanga yanavyoamsha ndani yetu hamu ya kutunza, iwe ni mtoto wa mtu au wa mnyama. Na mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mbwa ana msuli wa kuinulia nyusi upande wa ndani ambao mbwa mwitu hana au anao kwa uchache tu. Katika maelfu ya miaka ya kuishi nasi, mbwa aliyejua kututazama kwa macho ya huzuni ndiye aliyelishwa. Uso wake ni ombi lililoandikwa kwa muda mrefu. Kulijibu ombi hilo si dhambi, na wanyama wengi wamepata nyumba kwa sababu hiyo. Suali ni nini kinatokea uso unapoharibika na ombi lisisomeke.

Kwa kilebu wetu jawabu lilikuja lenyewe. Siku za kwanza uvimbe ulipungua kidogo kidogo. Vijana walimtia dawa ya matone asubuhi na malhamu usiku, wakipokezana kama zamu ya ngalawa. Wiki ya kwanza ilipokwisha jicho lilifumbuka. Ya pili, kawa lake lilivuliwa, naye akazunguka uani akikimbiza kivuli chake. Wekundu ulibaki kama mstari mwembamba, kisha nao ukapotea. Macho mawili ya kahawia, yenye maji, yaliyolingana. Sasa kila aliyepita aliinama. Yule mama wa maji alimletea mifupa ya samaki. Picha yake ilipita katika simu za watu, na mtu mmoja wa Mjini mwenye ua mkubwa akaja na gari, akamchukua kwa furaha.

Baada ya miezi mitatu alimrudisha. Jicho la kushoto lilikuwa limechomoza, jekundu kama lilivyokuwa lile la kulia. Hakuwa mtu mbaya, wala simlaumu zaidi ya ninavyojilaumu. Alisema kwa adabu kwamba watoto wake wanaogopa, na kwamba alipewa mbwa aliyepona. Neno lake la mwisho lilinishughulisha usiku kucha. Alichokipenda alikuwa amekipoteza. Mnyama aliyebaki hakuwa ndiye, kwa macho yake. Nilimwona yule mtu nikajiona mwenyewe barazani, Jumamosi ile, na kikombe cha chai mkononi.

Safari hii nilikwenda Tunguu kabla ya upasuaji. Nilimuuliza kijana anifundishe namna ya kumshika. Alinionyesha: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine nyuma ya shingo, bila ya kumbana. Nilimpakata kilebu njia nzima hadi kwa daktari, na jicho lile bovu likiwa limenielekea mimi. Sikuweza kutazama pembeni, kwa kuwa kila nikigeuka alijitikisa. Ilikuwa safari ya dakika chache. Baada ya kiasi cha nusu ya safari, wekundu uliacha kuwa kitu cha kutisha, ukawa ni mahali anapoumwa. Siwezi kueleza zaidi ya hivyo. Nilikuwa namtazama yuleyule, kwa macho yaleyale.

Tuliporudi, kijana aliniletea ndoo na udongo wa chini ya mwembe, nikaosha mikono mara saba kama nilivyofunzwa nikiwa mtoto. Haikuchukua muda mrefu. Nilifikiri juu ya miaka yote niliyouhesabu uoshaji huu kuwa ukuta kati yangu na viumbe hawa, ilhali ni mlango: sheria iliyokuweka wazi namna ya kujisafisha imekiri kwamba iko siku utagusa.

Basi turudi kwa wahenga. Walisema kweli kwamba macho hayana pazia, na mimi siku hizi naifahamu kauli yao hivi: kuona hatukuchagua, na kinyaa cha mara ya kwanza si kosa, kama ambavyo kuvutiwa na uso mzuri si kosa. Jicho ni shahidi, nalo litasema lilichokiona. Kosa ni kumwondoa kadhi katika kiti chake na kumkalisha shahidi. Huruma inayosubiri uso upendeze itafika baada ya mgonjwa kupona, wakati haihitajiki tena. Na ile inayokata kinachoudhi ili uso upendeze upesi huacha nyuma yake jicho lisilo na machozi. Namna hiyo tumewatendea mbwa, na nachelea kwamba tumewatendea watu wa majumbani mwetu pia: wagonjwa wa akili waliofichwa vyumba vya uani, vijana waliofukuzwa kwa sababu ya ulevi, ili wageni wakija wasione kitu chekundu.

Kilebu yuko Tunguu. Jicho la pili limepona, ingawa ukitazama kwa makini utaona kovu dogo katika pembe, na kope hiyo huchelewa kidogo kuliko mwenziwe. Hakuna aliyekuja tena kumtaka. Vijana watamaliza masomo mwakani na kuihama ile nyumba, na kijana wetu ameshaniuliza, kwa heshima zote, atampeleka wapi. Nimemwambia kwamba nyumba yangu ina ua, na udongo haupungui.